Shajara ya mradi: kijitabu cha ndugu wa mgonjwa anayerudi nyumbani

Wiki ya kwanza

Tumeanza rasmi kazi ambayo kwa zaidi ya mwaka mmoja tumekuwa tukiizungumzia kwenye chai ya saa nne bila kuigusa: kuandika kijitabu cha Kiswahili atakachokabidhiwa ndugu wa mgonjwa wa akili siku mgonjwa wake anaporuhusiwa kutoka wodini. Tupo wanne: mimi, ambaye ni muuguzi wa afya ya akili, mfamasia wa kliniki yetu, ofisa ustawi wa jamii, na kijana mchoraji ambaye kaka yake aliwahi kulazwa, na ambaye kwa sababu hiyo anayajua mambo ambayo sisi watatu tumeyasoma tu. Kliniki yetu iko Dar es Salaam, na wengi wa tunaowahudumia wanatoka Mbagala, Gongo la Mboto, Tandale na ng'ambo ya Kigamboni.

Sababu ya mradi naieleza hapa mapema ili isije ikapotea baadaye katika mambo ya karatasi na wino. Mgonjwa huletwa akiwa amefungwa kamba mikononi, haongei na mtu au anaongea na watu tusiowaona, na siku za mwanzo huwa ngumu kwake na kwetu. Dawa zinapoanza kufanya kazi analala, anakula, anaoga mwenyewe, na asubuhi moja anauliza habari za watoto wake. Anaruhusiwa. Baada ya miezi michache analetwa tena, na tukimuuliza ndugu yake kilichotokea, jibu karibu kila mara ni lilelile: "Aliacha dawa, maana alikuwa ameshapona." Kwa miaka mingi tumekuwa tukiandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakuzingatia matibabu, kisha tunafunga faili. Mfamasia ndiye aliyetuuliza siku ile ya kuruhusiwa tulimwambia nini huyo ndugu, na kwa maneno gani hasa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu.

Wiki ya pili

Ukurasa wa kwanza, unaohusu hospitali yenyewe, nimepewa mimi. Nilidhani ningeumaliza kwa jioni moja, lakini umenichukua wiki nzima, kwa kuwa kitu cha kwanza kilicho kichwani mwa ndugu wa mgonjwa ni jina la Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma. Hapa mjini jina hilo limegeuzwa tusi, na watoto wanataniana nalo shuleni. Mama mmoja aliyemleta binti yake juzi alinishika mkono akasema, "Nesi, nakuomba sana mwanangu, msimpeleke Dodoma," kwa sauti ambayo mtu huitumia msibani.

Nimeandika kwamba Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza, katika zama ambazo hospitali za namna hiyo zilikuwa mahali pa kumtenga mtu na wenzake kuliko mahali pa kumtibu, kwa sababu dawa zenyewe hazikuwapo. Klopromazini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza iliyotuliza kwelikweli saikosisi, yaani hali ya mtu kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwapo, ilianza kutumiwa na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker huko Paris mwaka 1952, yaani miaka 25 baada ya Mirembe kuanza kupokea wagonjwa. Katika robo karne hiyo, aliyepelekwa hospitali ya akili, iwe hapa kwetu au Ulaya, mara nyingi alibaki huko. Ninaamini hofu ya mama yule ni kumbukumbu ya kweli iliyorithishwa kutoka kwa watu waliowaona ndugu zao wakiondoka bila kurudi, na sidhani tunayo haki ya kuiita ujinga. Tunachopaswa kumwambia ni kwamba mambo yamebadilika, na kumweleza yamebadilika vipi.

Niliandika pia kuhusu Lutindi, kule milima ya Usambara, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kabla ya kugeuka kuwa hospitali ya akili. Kuhusu Kidongo Chekundu ya Zanzibar. Na kuhusu Isanga ya Dodoma, ambayo ni ya wale wanaoletwa kwa amri ya mahakama na ambayo watu huichanganya na Mirembe. Ofisa ustawi amekata karibu yote hayo. Amesema ndugu aliyesimama mlangoni na mfuko wa nguo za mgonjwa hana nafasi ya historia ya majengo. Ameiacha Isanga peke yake, kwa sababu kuna familia zinazodhani kwamba mgonjwa wao akitibiwa atakuwa kama mfungwa. Chini yake ameongeza sentensi mbili kuhusu Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, kwamba mgonjwa anaweza kuja kutibiwa kwa hiari yake, na kwamba ugonjwa haumwondolei utu wake.

Jambo moja nimelitetea likabaki. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na kati yao watu milioni 5.38 wako katika mkoa huu mmoja wa Dar es Salaam. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ni moja, nayo iko umbali wa takriban kilomita 450 kutoka hapa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 Benki ya Dunia inatuhesabu katika nchi za kipato cha kati cha chini, na ni kweli kwamba treni ya umeme imeifanya Dodoma kuwa safari ya saa chache, lakini nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, kwenda na kurudi kila mwezi, si kitu ambacho muuza mihogo wa Tandale anaweza kukibeba. Ndiyo maana mapema miaka ya 1980, serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na kwa msaada wa Denmark, ilijaribu mikoani Morogoro na Kilimanjaro kuipeleka huduma hii hadi kwenye zahanati. Hivyo kijitabu kinamwambia ndugu kwamba kurudi kuchukua dawa kwenye kituo kilicho karibu na kwake si kutupwa na hospitali kubwa, bali ni matibabu yaleyale yanayoendelea.

Wiki ya nne

Tumekaa siku tatu juu ya neno moja, na sijutii hata saa moja kati ya hizo. Neno lenyewe ni "kupona".

Rasimu yetu ilisema: "Mgonjwa wako akishapona, endelea kumpa dawa." Mchoraji aliisoma kwa sauti, akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza ni nani duniani anayempa dawa mtu aliyepona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hii ndugu za wagonjwa wamekuwa wakitutii sisi wenyewe. Tumewafundisha kwa malaria na kwa vidonda kwamba mgonjwa amalize dozi, na wamelishika somo hilo vizuri. Basi mgonjwa wa akili anapomaliza bahasha ya mwezi mmoja na akawa anasalimia wazee na kufagia uwanja, kwao dozi imekwisha. Sisi tunasema "dozi", wao wanasikia kitu chenye mwisho.

Tumeliondoa neno "dozi" katika kijitabu kizima. Mahali pa "kupona" tumeweka "kupata nafuu", kwa maana ya kwamba ugonjwa umelegea huku dawa ikiwa bado imeushikilia. Tumetumia mfano wa presha na kisukari, kwa sababu hakuna mtaa wa Dar es Salaam usio na mzee wa presha, na kila mtu anajua kwamba mzee huyo haachi vidonge kwa kuwa leo anajisikia vizuri.

Mfamasia hakukubali tuandike kwamba dawa ni za maisha yote, naye alikuwa na haki. Wapo wanaougua mara moja tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu aliyepata saikosisi kwa mara ya kwanza aendelee na dawa kwa angalau miezi 12 baada ya dalili kutulia, kisha daktari aangalie pamoja naye kama zinaweza kupunguzwa pole pole. Sentensi tuliyoikubali ni hii: "Dawa hupunguzwa na daktari, hazikatizwi nyumbani, na siku ya kupunguzwa inaweza kufika." Nusu ya pili aliiomba mchoraji, kwa niaba ya kaka yake. Alisema mtu anayeambiwa kifungo cha maisha huacha kusikiliza.

Wiki ya tano

Ukurasa wa dawa umekuwa kurasa nne, na sioni namna ya kuupunguza, kwa sababu dawa zetu zinaokoa watu na pia zinawatisha watu, na kuhusu la pili huwa hatusemi kitu.

Nieleze kisa kimoja. Kijana aliruhusiwa akiwa anatumia haloperido, dawa nzuri, ya bei nafuu, ambayo Paul Janssen na wenzake waliigundua Ubelgiji mwaka 1958. Siku chache baadaye shingo yake ilipinda upande, taya likakaza, macho yakakwama yakitazama juu. Nyumbani walijua wanachokiona: shetani amepanda. Walimfukiza, wakamsomea, wakamshikilia usiku kucha. Hiyo ilikuwa misuli iliyokazwa na dawa, jambo linalojulikana tangu zamani, ambalo hutulia kwa sindano moja au kwa kidonge cha benzeksoli. Hatukuwa tumewaambia. Mama yake alipotuletea habari hiyo baadaye, alituuliza kwa upole kabisa kama tulikuwa tunalijua jambo hilo. Nilimjibu kwamba tulikuwa tunalijua. Sijawahi kutoa jibu lililoniumiza kama hilo.

Kwa hiyo ukurasa huo sasa unaanza na shingo, taya na macho, kwa maandishi makubwa, na maneno haya: "Hii ni dawa, si shetani. Mlete leo." Baada ya hapo yanafuata mengine: miguu isiyotulia, ambayo ndugu hudhani ni wazimu unaorudi wakati mara nyingi ni dawa ileile, mikono inayotetemeka na mate yanayotiririka, kizunguzungu cha kuinuka ghafla kitandani kwa anayetumia klopromazini, na ngozi yake inayoungua upesi juani, jambo lisilo dogo kwa mtu anayetembeza bidhaa barabarani mwezi wa kwanza. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa tumeiwekea fremu nyekundu, kwa kuwa hiyo haingoji asubuhi. Vivyo hivyo vipele vinavyoenea mwilini kwa anayetumia kabamazepini.

Sindano ya kila mwezi imepata ukurasa wake. Familia nyingi zinaipenda kwa sababu inaondoa ugomvi wa kila jioni juu ya vidonge, lakini nyingine zinaamini kwamba aliyechomwa sindano hahitaji tena kuja kliniki mpaka augue.

Kuhusu kifafa tulivutana. Kifafa si ugonjwa wa akili, lakini kwetu wagonjwa wa kifafa hutibiwa kwenye kliniki hiihii, na wasomaji wetu watakuwamo. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway, aliyefungua kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto kwa sababu walioanguka mekoni hawakuguswa na mtu, kila mmoja akiogopa kuambukizwa. Makovu kama hayo ninayaona hadi leo kwenye benchi letu. Tumeweka ukurasa mmoja: povu haliambukizi; mlaze ubavu; usimtie kijiko mdomoni; na fenobabito, dawa ya kifafa, isikatizwe ghafla hata siku moja, kwa sababu kuikatiza kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Wiki ya saba

Tumepeleka rasimu kwenye benchi la kusubiria. Hatukuwauliza watu kama wameipenda, kwa sababu wangetujibu kwa adabu. Tuliwaomba watuambie kwa maneno yao watakachofanya nyumbani.

Kosa la kwanza lilionekana ndani ya dakika kumi. Tulikuwa tumechora bahasha ya dawa kama inavyotoka dirishani, imeandikwa "2×1". Baba mmoja alisema hivyo ni vidonge viwili mara moja kwa siku. Dada aliyeketi kando yake akasema ni kidonge kimoja mara mbili. Wote wawili wamekuwa wakiwapa ndugu zao dawa kwa miezi. Mfamasia alisimama akatazama bahasha iliyo mkononi mwake kwa muda mrefu. Kuanzia siku iliyofuata dirisha lake linaandika kwa maneno: "asubuhi kimoja, usiku kimoja". Kwangu hilo peke yake lingetosha kuuhalalisha mradi mzima.

La pili lilikuja na bibi kutoka Mbagala anayemlea mjukuu wake mgonjwa. Nilimwamkia, nikampa kijitabu, naye akampa mtoto wa kike aliyekuwa pembeni yake, wa darasa la tano, amsomee. Mtoto alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani, hadi akafika ukurasa unaosema mgonjwa anaweza kutamani kufa. Akasita, akamtazama bibi yake. Tulikuwa tumeandika tukimfikiria mtu mzima anayejisomea kimya kimya, kumbe katika nyumba nyingi msomaji ni mtoto wa shule na wanaosikiliza ni ukoo mzima, mara nyingine pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Hatukuufuta ukurasa huo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, inaua, na ndugu anapaswa kujua kwamba kumuuliza mgonjwa waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kwamba dawa zote, hasa amitriptilini ambayo ikinywewa nyingi kwa mara moja inaweza kusimamisha moyo, zitunzwe na mtu mzima mmoja. Kwamba sumu ya panya na dawa za wadudu ziondoke nyumbani. Na kwamba mgonjwa asiachwe peke yake mpaka afikishwe hospitali. Tumeuhamishia kwenye karatasi ya pekee, ambayo muuguzi atampa mtu mzima mkononi na kumweleza yeye mwenyewe.

Wiki ya nane

Michoro imekamilika. Mchoro wa mtu aliyefungwa mnyororo kwenye mwembe, ambao mimi ndiye niliyeuomba kama onyo, mchoraji amekataa kuuchora. Amechora kaka anayemenya viazi na dada yake barazani. Nimeona kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Wiki ya kumi

Ukurasa wa waganga. Ofisa ustawi alitaka usiwepo kabisa, akihofia kwamba kuwataja tu ni kuwapa kibali. Nilimkumbusha utafiti uliofanyika mijini hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003, uliokuta matatizo ya akili ya kawaida, yaani sonona na wasiwasi, kwa asilimia 24 ya watu waliokwenda kwenye kliniki za kawaida, na kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Maana yake wagonjwa wetu wako kule, na tukinyamaza tutakuwa tunajinyamazia sisi wenyewe.

Tulichoandika hakimtukani mtu. Ndugu akitaka kumwombea mgonjwa wake, kanisani au msikitini, amwombee. Akienda kwa mganga, asikatize dawa za hospitali, asikubali mgonjwa afungwe, apigwe, anyimwe chakula wala kuchanjwa kwa wembe usio safi, na asiuze kiwanja. Sentensi ya kiwanja ilitoka kwa mzee mmoja kwenye benchi ambaye aliuza chake Chanika. Hakutuambia zaidi, nasi hatukumuuliza.

Wiki ya kumi na moja

Wiki nzito kuliko zote. Tulikuwa tumeandika "usikose dawa hata siku moja", na siku ileile dirisha letu likawa halina klopromazini. Watu waliotoka nyumbani alfajiri kwa daladala mbili waliambiwa wakanunue duka la dawa, na wengine walirudi mikono mitupu. Klopromazini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Si dawa ya anasa.

Tusingeweza kuchapa kijitabu kinachomlaumu ndugu kwa kukosa kitu ambacho sisi wenyewe hatuna. Sasa kuna ukurasa unaosema wazi kwamba dawa inaweza kukosekana, na kwamba ikikosekana ndugu asikae kimya nyumbani: arudi kwa muuguzi siku hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi kuna dawa nyingine ya kundi hilohilo inayoweza kuandikwa badala yake, na aje wakati vidonge vya wiki moja bado vimebaki, badala ya kungoja bahasha iwe tupu.

Tumeongeza pia aya kuhusu njaa. Olanzapini huamsha njaa isiyo ya kawaida, na katika nyumba inayopika mara moja kwa siku mgonjwa anayeomba kula usiku huonekana mroho, hugombezwa, na hatimaye huacha dawa ili asiwe mzigo. Hatuna dawa ya umaskini wa nyumba hiyo. Lakini ndugu akijua kwamba njaa hiyo inatoka kwenye kidonge, angalau hatamgombeza, na anaweza kumwambia daktari.

Wiki ya kumi na tatu

Kiwanda cha uchapaji cha Kariakoo kimetuletea nakala 300, kurasa 20, jalada la bluu. Kurasa mbili wino umefifia, lakini unasomeka.

Leo asubuhi tumempa nakala ya kwanza baba aliyekuja kumchukua binti yake. Nilimweleza ukurasa kwa ukurasa kwa muda wa nusu saa, na binti akiwa ameketi nasi, kwa sababu tulikubaliana tangu wiki ya saba kwamba mgonjwa asizungumziwe kama hayupo. Tulipofika kwenye "nafuu" binti alisema, "Kwa hiyo bado sijapona." Nikamwambia bado, lakini umepata nafuu, na nafuu hii tunataka tuilinde pamoja. Alitikisa kichwa kukubali. Baba akaniomba kalamu, akaandika tarehe ya kliniki ndani ya jalada, kisha akageuza kijitabu huku na huku akitafuta kitu. Alikuwa anatafuta namba ya simu ya kupiga usiku macho yakikwama. Hatukuiweka popote.

Tumezungumza na wenzetu wa wodini, nao wamekubali simu ya zamu itumike. Nakala 299 ziko mezani, na tunaiandika namba hiyo kwa mkono kwenye kila jalada. Mpaka jioni hii tumefika ya 140.